Plastiki Kwenye Mwimo wa Mlango

Je, kitu kitakatifu kinaweza kutengenezwa kwa plastiki? Kwetu Afrika Mashariki swali hili karibu lijijibu lenyewe. Plastiki ni mtaro ulioziba, ni ng'ombe aliyekufa na mifuko tumboni. Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Nani angepeleka kitu hicho mbele za Mungu?

Wapo wanaopeleka. Marekani, Israeli na kwingineko, kuna watu wanaokaa mezani jioni baada ya kazi, wanakanda udongo wa polima na kutengeneza vyombo vya ibada ya Kiyahudi: makasha ya mezuza, taa za Hanuka, sahani za Pasaka, mapambo ya kikombe cha divai ya Sabato. Mimi si Myahudi. Natengeneza hereni na shanga kwa udongo huo huo, na nimewahi kuagizwa kasha moja la mezuza. Tangu hapo nimelibeba swali hili, na nimegundua kwamba wenye dini hiyo walilifikiria kwa kina, karne nyingi kabla plastiki haijajulikana.

Tuanze na chombo chenyewe. Torati inaagiza kwamba maneno ya Mungu yaandikwe kwenye miimo ya mlango. Wayahudi wanalitii agizo hilo kwa kuandika mafungu mawili ya Kumbukumbu la Torati, moja la sura ya 6 na jingine la sura ya 11, kwenye kipande cha ngozi ya mnyama anayeruhusiwa kuliwa. Mistari ni 22, herufi ni 713. Mwandishi lazima awe Myahudi mshika dini aliyefunzwa kazi hiyo. Anaandika kwa mkono, kwa kalamu na wino, herufi moja baada ya nyingine kwa mfuatano wake. Akiruka herufi hawezi kurudi baadaye kuijazia. Herufi moja ikipasuka au ikikosekana, mezuza nzima haifai. Ikichapwa kwa mashine, haifai hata ikiwa nzuri kuliko ya mkono.

Kisha ngozi hiyo inakunjwa na kuwekwa ndani ya kasha, na hapa sheria inalegeza mkono ghafla. Kasha linaweza kuwa la mti, fedha, kioo, bati au plastiki. Linaweza kutengenezwa na mtu yeyote, hata mimi. Kwa hiyo kwenye mwimo mmoja kuna vitu viwili: kilichofungwa kwa kanuni kila upande, na kilichoachwa huru karibu kabisa. Wageni wanaoingia nyumbani wanakiona hicho cha pili tu.

Udongo wa polima si udongo. Ni unga wa PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji, uliochanganywa na kilainishi na rangi. Ukiwa mbichi unakandika kama unga wa chapati. Ukiuoka kwenye joto la kati ya nyuzi 110 na 135 za Selsiasi kwa nusu saa hivi, kutegemea aina na unene, chembe zake zinashikamana na kuwa kitu kigumu. Tanuri la mfinyanzi halihitajiki, jiko la keki linatosha. Aina moja maarufu, Fimo, ina asili Ujerumani. Fifi Rehbinder, binti wa mtengeneza wanasesere Käthe Kruse, ndiye aliyeuza udongo huo kwanza kama vifaa vya kazi za mikono, na miaka ya 1960 kampuni ya Eberhard Faber ikauchukua. Ulitoka, basi, kwenye ulimwengu wa wanasesere na mikono ya watoto. Hakuna aliyekuwa akifikiria hekalu.

Pingamizi la kwanza ni la thamani. Kitu cha Mungu kinastahili kilicho bora, na hema la kukutania katika kitabu cha Kutoka lilijaa dhahabu, fedha na vitambaa vya rangi ya samawi. Bezaleli, fundi wake mkuu, anasemwa kuwa alijazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ile ile ya kuchonga, kuyeyusha na kupamba. Marabi wa kale walikwenda mbali zaidi. Walisoma wimbo wa Musa baada ya kuvuka bahari, pale anaposema atamtukuza Mungu, wakauliza: mwanadamu anawezaje kumwongezea Mungu utukufu? Wakajibu kwamba anaweza kuzipamba amri zake: ajenge kibanda kizuri cha sikukuu ya vibanda, apulize pembe nzuri, aandikishe kitabu kizuri cha Torati kwa wino mzuri na kalamu nzuri. Kwa maelezo hayo uzuri unaingia ndani ya utii wenyewe. Hauji baadaye kama rangi ya ukuta.

Lakini Talmudi hiyo hiyo ilitia breki mahali pawili. Kwanza, iliweka kipimo: kwa ajili ya uzuri, mtu aongeze hadi theluthi moja ya gharama. Uzuri ni wajibu wenye mpaka, usije ukamla mtu na watoto wake. Pili, inasimulia kuhusu nyumba za msiba. Zamani matajiri waliwapelekea wafiwa chakula katika vikapu vya fedha na dhahabu, na maskini katika vikapu vya fito zilizomenywa. Maskini wakaona haya. Ikaamuliwa kwamba wote, tajiri na maskini, watumie vikapu vya fito. Aliyewahi kuona mashindano ya michango na majeneza kwenye misiba yetu hahitaji kuelezwa maana ya uamuzi huo.

Tena kuna habari ya kinara cha hekalu. Torati iliagiza kiwe cha dhahabu safi. Lakini Wahasmonai walipolirudisha hekalu baada ya vita walikuwa hawana kitu, wakakiunda kwa fito za chuma zilizopakwa bati. Walipopata uwezo wakatengeneza cha fedha, na walipoongezeka wakatengeneza cha dhahabu. Hakuna anayewacheka kwa kile cha chuma. Walichokuwa nacho ndicho walichokiwasha.

Kwa mtazamo huo plastiki inaonekana kwa sura nyingine. Mtu asiyeweza kumlipa sonara anaweza kununua pakiti chache za udongo wa polima, akaketi na mwanawe, wakapamba wenyewe kasha la mlango wao. Kazi iliyokuwa ya sonara inakuwa ya mama, mwana na jiko la keki. Sidhani kwamba Bezaleli angeona haya.

Nyenzo hii, hata hivyo, ina mipaka, na kuiheshimu ni sehemu ya uadilifu wa fundi. Haifai kugusana na chakula. Mtengenezaji mwaminifu wa sahani ya Pasaka huweka vibakuli vya kioo juu ya mapambo yake, na kwenye kikombe cha divai hupamba shina tu. Ikiungua hutoa gesi inayowasha macho na koo. Taa ya Hanuka lazima iwake angalau nusu saa, kwa hiyo mishumaa haikai juu ya udongo bali ndani ya vikombe vidogo vya chuma. Vilevile baadhi ya vilainishi vya zamani vilitiliwa shaka kiafya, na mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ukavizuia katika vifaa vya kuchezea watoto. Anayesema "nimetengeneza kwa upendo" huku akificha mambo haya, upendo wake una tundu.

Pingamizi la pili lilinigusa mwenyewe. Udongo wa polima unasifika kwa kuiga. Unaiga feruzi, kaharabu, mpingo, na zaidi ya vyote pembe ya ndovu. Unasukuma shuka nyembamba za udongo mweupe na ule unaopitisha mwanga, unazipanga moja juu ya nyingine, unakata, unapanga tena, hadi ubavuni itokee mistari myembamba kama nywele. Ukishaoka unapaka rangi ya kahawia na kuifuta, ibaki ndani ya nyufa tu. Unapiga msasa kwa maji, unasugua kwa kitambaa. Mkononi ni pembe, na ya miaka mia.

Aliyeniagiza kasha alikuwa mwanamke wa Kiyahudi aliyekuja Nairobi kikazi. Mama yake, huko kwao, alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu. Kwenye mlango wa mama huyo palikuwa na kasha la pembe alilorithi, likapotea walipomhamishia nyumba ndogo. Kila siku mama aligusa mwimo mtupu na kuuliza liko wapi. Binti alinionyesha picha. "Nataka lifanane kabisa," aliniambia. "Asijue kwamba la kwanza limepotea."

Nilimwambia nitafikiri. Sheria yao wenyewe inakataza kile wanachokiita kuiba akili ya mtu, yaani kumfanya aamini kisicho kweli hata kama hukumnyang'anya senti. Mwalimu Shmueli wa Babeli, katika karne ya 3, alisema ni marufuku kuiba akili ya mtu yeyote, Myahudi au asiye Myahudi. Nikimuuzia mtalii udongo na kumwambia ni pembe, mimi ni mwizi. Hapa mnunuzi alijua kila kitu. Aliyekuwa adanganywe ni mtu wa tatu, mgonjwa, tena mlangoni pake, ndani ya tendo la ibada.

Upande wa pili kuna mjadala wa shule mbili za kale kuhusu namna ya kumsifu bibi arusi. Shule ya Shamai ilisema msifuni jinsi alivyo. Shule ya Hileli ilisema kila bibi arusi asifiwe kuwa ni mzuri mwenye neema. Shamai wakauliza: na kama ni kiwete au kipofu? Je, Torati haikutuambia tujitenge na uongo? Hileli wakajibu kwa mfano wa mtu aliyenunua kitu kibaya sokoni: utakisifu mbele yake, au utakitia aibu? Maoni ya Hileli ndiyo yaliyofuatwa. Kuna nyakati ambapo ukweli usiomsaidia mtu yeyote ni ukatili tu.

Na kulikuwa na pembe yenyewe. Pembe nyingi za karne ya 19 zilibebwa mabegani mwa watu kutoka bara hadi Bagamoyo, zikavuka Zanzibar, zikaishia mbali, nyingine katika viwanda vya Connecticut vilivyozigeuza kuwa funguo za piano. Mwaka 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe mbele ya dunia, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuzuia biashara yake ya kimataifa. Sikujua pembe ya kasha lile ilitoka wapi. Nilijua tu kwamba kuiga hakumuui tembo. Nilijua pia kwamba kunaendelea kuwafundisha watu kuona pembe kuwa ni kitu cha kutamaniwa.

Nilikubali, kwa sharti moja. Mezuza hukaguliwa mara mbili katika kila miaka saba, ili kuona kama herufi bado ni nzima. Kwa hiyo kasha lazima lifunguke. Ndani, nyuma ya mahali ngozi inapokaa, niliandika mwaka na maneno "udongo wa polima". Mama hatayasoma. Atakayelifungua kwa ukaguzi atayasoma, na wajukuu watakaolirithi hawatapata hadithi ya uongo pamoja nalo. Binti alisita, kisha akakubali.

Bado sina uhakika kwamba faraja ya namna ile ni safi kabisa. Lakini naona kwamba tulidanganya katika ile sehemu ambayo sheria imeiacha huru, wala hatukugusa sehemu iliyofungwa. Ngozi iliyowekwa ndani ilikuwa ya kweli, imeandikwa kwa mkono, herufi zote 713. Angekuwa ameniomba niige ngozi, niichape vizuri na kuichakaza ili ionekane ya zamani, jibu lingekuwa hapana hata kama mama asingejua kamwe. Nadhani hata yeye binti asingethubutu kuomba. Kila mmoja wetu, mwenye dini na asiye nayo, ana vitu vyake viwili hivyo, kasha na ngozi. Kazi ni kujua kipi ni kipi kabla huruma haijatusukuma.

Kasha lile lilipokuwa mezani pangu, je, lilikuwa takatifu? Abaye na Rava, walimu wa Babeli wa karne ya 4, walibishana juu ya jambo la kufanana na hilo. Mtu amefuma sanda kwa ajili ya maiti. Je, kwa kule kuikusudia tu, imeshakuwa ya maiti, asiweze kuitumia aliye hai? Abaye alisema ndiyo, kukusudia kunatosha. Rava alisema hapana, kusudi peke yake si kitu hadi iwe imetumika. Sheria ilimfuata Rava. Kwa hiyo mezani pangu palikuwa na kipande cha plastiki tu. Ningeweza kukitupa. Siku ngozi ilipoingia ndani, hali ikabadilika, kwa sababu Talmudi inatenganisha vyombo viwili. Vinavyotumikia tendo la amri, kama kibanda cha sikukuu, vikimaliza kazi vinaweza kutupwa. Vinavyobeba maandiko matakatifu, na makasha ya mezuza yanatajwa humo, havitupwi. Vinahifadhiwa.

Aliyekulia pwani anaelewa haraka. Marufaa ni mbao mbili tu zilizopishanishwa hadi msahafu uwekwe juu yake. Baada ya hapo, hata ukiwa mtupu, hakuna mtoto atakayeruhusiwa kuukalia. Seremala aliyeuchonga hakuutia heshima hiyo, wala mti haukuwa nayo. Imetoka kwenye kilichobebwa na kwa watu walioketi mbele yake kusoma.

Kwa fundi hili linanyenyekeza. Tunapenda kuamini kwamba thamani ya kazi inatoka mikononi mwetu, kwamba ukiweka moyo kitu kinapata roho. Katika mfano huu, moyo wangu haukuwa na uwezo huo. Niliandaa nafasi tupu yenye ukubwa sahihi, nikaondoka. Thamani ilifika baadaye, mbele ya watu ambao sitawaona.

Linasaidia pia kujibu swali la nakala. Mafundi wa udongo wa polima hutumia mbinu iliyoazimwa kwa watengeneza vioo wa Venice: unapanga vijiti vya rangi viwe picha, komamanga au nyota, unalibana gogo hilo hadi liwe jembamba, kisha unalikata vipande vipande. Kila kipande kina picha ile ile. Shanga za Venice zilipita Zanzibar kwa mafungu na misafara ikazibeba hadi maziwa makuu, kwa hiyo macho yetu yanaufahamu urembo wa namna hiyo. Gogo moja linaweza kupamba makasha 50 yanayofanana, na hakuna ubaya wowote. Kilichokatazwa kunakiliwa kwa mashine kiko ndani. Tunaoishi wakati ambapo karibu kila kitu kinaweza kunakiliwa tunaweza kujifunza hapo: huhitaji kupinga nakala zote. Inatosha kuamua ni maneno gani lazima yapite kwenye mkono wa mtu, pole pole, kila mara upya.

Limebaki pingamizi la tatu, nalo sijalishinda. Vyombo vilivyobeba maandiko vinahifadhiwa penye geniza, au vinazikwa ardhini. Ile ya sinagogi la Ben Ezra, Cairo ya kale, ilijaa vipande laki kadhaa vya maandishi. Solomon Schechter alipofika mwishoni mwa karne ya 19 alihamishia Cambridge sehemu kubwa sana. Lakini kuzika, tofauti na kulundika, kuna wazo nyuma yake: ngozi, karatasi na mti virudi mavumbini kwa heshima, kama mwili wa mtu. PVC hairudi. Kasha nililolitengeneza, likizikwa siku moja pamoja na ngozi yake iliyochakaa, litabaki likiwa limekumbatia nafasi tupu muda mrefu baada ya herufi zote kuyeyuka. Tumeipa plastiki heshima ya kaburi, nayo haijui kufa.

Baadhi watasema hilo linatosha kuikataa. Naiheshimu hoja hiyo. Jibu langu ni la kiasi. Plastiki iliyoziba mitaro yetu ni ile iliyotengenezwa itumike dakika kumi. Lawama ya vitu hivyo haimwangukii sawasawa mtu aliyetengeneza kitu kimoja, akijua ni cha kudumu mlangoni kwa vizazi, na ambacho sheria ya wenyewe imekataza kitupwe. Kudumu kwake, ambako kwenye mfuko wa sokoni ni laana, hapa kunakaribia kuwa sifa. Kunaongeza pia wajibu: tengeneza kidogo, tengeneza kitakachotakiwa kukaa, na kama hujui nani atakitunza, usiwashe jiko.

Kwa hiyo ninasema ndiyo, kitu kitakatifu kinaweza kutengenezwa kwa plastiki, kwa masharti. Nafasi ya ndani iwe na ukubwa unaotosha, ngozi isibanwe. Mvua isiingie. Kifunguke bila kuvunjwa. Anayekinunua ajue ni nini hasa, na mwenye mlango wa jirani, aliye maskini, asione haya kwa ajili ya wake.